Breki za Hilux zinazama: busta haina kosa

*"Shikamoo fundi. Nina Hilux dabo kebini ya mwaka 1994, dizeli ya 3L, ya kuvuta magurudumu yote manne. Nabeba kabichi na viazi kutoka Lushoto kushuka Mombo mara tatu kwa wiki. Tangu mwaka jana breki zimekuwa za mashaka. Nikikanyaga mara ya kwanza pedali inakwenda karibu na sakafu, nikipampu mara mbili inapanda na gari linasimama. Nikiwa na mzigo, nikishapita Soni pedali inakuwa laini kabisa na kunanuka kuungua. Fundi wa kwanza alibadilisha masta silinda na pedi za mbele, akatoa upepo mara mbili, hakuna tofauti. Wa pili anasema busta imekufa, na bei anayonitajia ni faida yangu ya miezi miwili. Wa tatu anasema Hilux za zamani ndivyo breki zake zilivyo, nizoee. Mafuta ya breki hayapungui. Nilisahau: mwaka jana niliongeza majani mawili ya springi nyuma ili ibebe zaidi, na hendibreki siitumii, haishiki, huwa naweka jiwe. Je, ninunue busta?"*

Marahaba, kijana wangu. Busta, kile kifaa kinachousaidia mguu kusukuma breki, usinunue. Katika yote uliyoeleza sijaona hata dalili moja ya busta iliyokufa. Jambo lenyewe umelitaja mwishoni kabisa, ukaliita la kusahau: majani mawili ya springi na hendibreki isiyoshika. Mimi ningeanzia hapo.

Huyo fundi wa tatu msamehe, lakini usimsikilize. Hilux ya miaka hiyo ikiwa na breki nzima inasimama vizuri, na mzigo wake juu. Si kama gari la leo lenye kompyuta, ila haikuhitaji kupampuliwa ilipotoka kiwandani na haihitaji leo.

Tuanze na lugha ya pedali, maana mafundi wengi hawaiulizi. Mtu akisema "breki hazishiki" anaweza kuwa anazungumzia magonjwa matatu tofauti. Kuna pedali ngumu: unakanyaga kama umekanyaga jiwe, haishuki, na gari linazidi kwenda. Kuna pedali ndefu: inashuka mbali bila kukutana na kitu, lakini ikishakutana nacho inashika. Na kuna pedali laini: inashuka huku inabonyea, kama mpira wa miguu ulioisha upepo. Busta ikifa inakupa ile ngumu. Wewe asubuhi una ndefu, na ukishapita Soni una laini. Hayo ni magonjwa mawili, na hakuna hata moja kati yake linalotibiwa kwa busta.

Kazi ya busta ni kusaidia mguu, basi. Ndani yake kuna kiwambo kikubwa cha mpira. Upande mmoja hewa inanyonywa, upande wa pili inaachiwa iingie ukikanyaga, na tofauti hiyo ndiyo inayosukuma pamoja nawe. Injini ya petroli inanyonya yenyewe kupitia njia yake ya hewa. Dizeli kama yako haina mnyonyo wa kutosha, ndiyo maana ina pampu ndogo iliyopachikwa nyuma ya alternata, inayolainishwa na oili ya injini. Pampu hiyo ikichoka, au bomba lake la mpira likipasuka, pedali inakuwa ngumu, na watu wanalaumu busta.

Hata hivyo usiniamini kwa maneno matupu, pima mwenyewe. Zima injini, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Mguu ukiwa bado umekandamiza, washa. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu wako, busta inapata mnyonyo na inafanya kazi. Kisha acha injini iungurume dakika moja au mbili, zima, na kanyaga taratibu mara tatu. Ya kwanza iende chini, ya pili ipungue, ya tatu ipungue zaidi. Ikiwa hivyo, haivuji. Vipimo hivyo havihitaji hata spana, na huyo fundi wa pili angevifanya kabla ya kutaja bei. (Kwa faida ya wasomaji wa milimani: Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa takribani asilimia 15 kuliko ya Tanga mjini. Busta inategemea uzito wa hewa, kwa hiyo msaada wake juu huko unapungua kidogo hata ikiwa mpya. Pedali kuwa nzito kidogo milimani si ugonjwa.)

Sasa tuje kwenye pedali ndefu.

Gari lako lina diski mbele na dramu nyuma. Pedi za mbele zinajirekebisha zenyewe kadiri zinavyolika. Breki shuu za nyuma hazina bahati hiyo. Kadiri lining, ule ukanda wa shuu unaosugua dramu, inavyolika, nafasi kati yake na dramu inaongezeka, na lazima kuwe na kitu cha kuzisogeza nje. Kitu hicho ni kigurudumu kidogo chenye meno ndani ya dramu, na kwenye Hilux kama yako kinazungushwa na hendibreki. Kila unapovuta ule mpini wa chini ya dashibodi, wenzo mdogo unajaribu kuruka jino moja. Nafasi ikiwa kubwa unaruka, shuu zinasogea. Hendibreki isipotumika, hakuna kinachosogea, na nafasi inakua mwezi hadi mwezi. Jiwe lako limefanya kazi ya kuzuia gari, lakini kazi ya kurekebisha shuu haikufanywa na mtu.

Na nadhani najua kwa nini hendibreki haishiki. Nyuma ya sahani ya breki, upande wa ndani wa gurudumu, kuna kiwiko kidogo cha chuma kinachogeuza mvuto wa kebo kuuelekeza kwenye shuu. Kiko wazi, kinapigwa matope ya mashambani mwaka mzima, kinashika kutu na kuganda. Kikiganda, hata ukivuta mpini kwa mikono miwili hakiendi popote. Nimefungua Hilux nyingi nikakuta kiwiko hicho kimekuwa donge moja na udongo, na mwenye gari amekwisha kununua masta silinda mbili, yaani ile pampu ya pedali inayosukuma mafuta ya breki.

Kwa nini kupampu kunasaidia? Ukikanyaga mara ya kwanza, mafuta yote yanayosukumwa yanaishia kuziba ile nafasi ya nyuma, na pedali inafika chini kabla shuu hazijabana vizuri. Ukiachia na kukanyaga haraka, shuu zinakuwa hazijarudi kabisa, na masta imeshavuta mafuta mengine kutoka kwenye kikopo. Safari hii kuna cha kutosha. Ndiyo maana kutoa upepo hakukubadilisha kitu: hapakuwa na upepo wa kutoa.

Kipimo chake ni rahisi kuliko chote. Gari likiwa limesimama pa tambarare, limewekewa vizuizi, kanyaga breki uone pedali inaishia wapi. Vuta hendibreki kwa nguvu zote, kanyaga tena. Pedali ikipanda na kuwa fupi, nafasi iko kwenye shuu za nyuma, kesi imekwisha. Lakini kwako viwiko vinaweza kuwa vimeganda kiasi kwamba kuvuta hakusogezi kitu. Basi fundi anyanyue nyuma kwa jeki, aweke stendi, achomoe kile kifuniko cha mpira kwenye sahani ya breki, na kwa bisibisi bapa azungushe kigurudumu cha meno mpaka gurudumu la gari liwe zito kuzunguka kwa mkono, kisha arudishe meno machache mpaka lizunguke huru likisugua kwa mbali. Afanye pande zote mbili. Ukikanyaga baada ya hapo utajua kabla hujashuka kwenye kiti.

Kuna mwigizaji mmoja anayeweza kutudanganya, na alinidanganya mimi. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilibadilisha masta silinda ya gari la mteja, pedali bado ikawa ndefu, nikaitoa nikaweka nyingine, hali ileile. Mzee mmoja wa gereji akapita, akashika gurudumu la mbele juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Beringi ilikuwa imelegea, diski inayumba, na kila gari likipita kwenye mashimo diski inazisukuma pedi kurudi ndani. Kanyago la kwanza linazirudisha, la pili linashika. Nilikuwa nimemtoza mtu pesa mara mbili kwa nati iliyolegea. Kwa hiyo tikisa magurudumu yako ya mbele. Tofauti ni hii: nafasi ya dramu inakupa pedali ndefu kila unapokanyaga baada ya muda, asubuhi na mchana, beringi inakupa pedali ndefu hasa baada ya barabara mbovu au kona kali.

Mkishafungua dramu, na mfungue, usikubali kurekebisha tu kwa nje, tazameni mambo machache. Dramu ya Hilux ikigoma kutoka haitaki nyundo. Ina matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza bolti mbili za milimita 8 na uzikaze kwa zamu, itajisukuma yenyewe. Ndani, angalia kama shuu zimelowa. Oili nyeusi yenye harufu kali ni ya difu, imepita kwenye sili ya ekseli. Unyevu chini ya raba za silinda ndogo ya breki ni mafuta ya breki. Unasema hayapungui, kwa hiyo hilo la pili silitarajii, ila la kwanza kwa gari la umri huu ni la kawaida kabisa. Shuu iliyolowa oili usiioshe kwa petroli wala usiichome moto, kama ninavyoona wengi wakifanya. Oili imeshazama ndani ya lining. Ikipata joto inarudi juu, na itarudi ukiwa mteremkoni. Badilisha sili, badilisha shuu za pande zote mbili. Na vumbi la ndani ya dramu usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lining za zamani zinaweza kuwa na asbesto, ambayo ni sumu ya mapafu. Lilowanishe kwa maji ya sabuni na ulifute.

Sasa yale majani ya springi. Hapa naomba utulie, kwa sababu ni jambo ambalo hata mafundi wazuri hulipita.

Lala chini ya gari nyuma, tazama juu ya ekseli. Utaona chuma chembamba kimetoka kwenye ekseli kimepanda hadi kwenye vali iliyofungwa kwenye chesisi. Hiyo ni vali ya mzigo. Gari likiwa tupu, nyuma ni jepesi, na breki kali za nyuma zingefunga magurudumu likageuka, hasa kwenye lami yenye maji. Kwa hiyo vali inazuia sehemu ya nguvu isiende nyuma. Ukipakia, bodi inashuka, inakaribia ekseli, kile chuma kinaisukuma vali na inaachia nguvu zaidi kwenda nyuma. Vali haina mizani. Inachojua ni umbali tu kati ya bodi na ekseli.

Ulipoongeza majani mawili, bodi ilipanda na sasa haishuki vya kutosha hata ukipakia. Unabeba tani ya kabichi, vali inaona gari tupu. Breki za nyuma zinapata nguvu kidogo, kazi yote inabaki kwa diski mbili za mbele, zinachemka. Umesema kunanuka kuungua baada ya Soni; hii ni nusu ya sababu.

Kuna mafundi watakaokwambia waing'oe hiyo vali na kuunga bomba moja kwa moja. Kataa. Utafurahia breki ukiwa na mzigo, halafu siku unapanda kurudi tupu, mvua inanyesha, nyuma itateleza kukutangulia. Dawa yenyewe ni kurekebisha urefu wa kile chuma, au kusogeza kishikio chake, ili kiendane na kimo kipya cha gari. Kazi hiyo inataka fundi mwenye vipimo vya kupima nguvu ya mafuta mbele na nyuma, au angalau mwenye uzoefu nayo. La sivyo rudisha springi kama zilivyokuwa na upunguze mzigo. Najua hutalipenda hilo, lakini majani yale yaliongeza uwezo wa springi tu. Hayakuongeza breki, wala ekseli, wala tairi. Wakati mnaitazama vali, mwulize pia fundi kama alitoa upepo kwenye nipo yake, yaani kile kichuchu cha kutolea upepo. Ina nipo yake mwenyewe, na wengi wanatoa kwenye magurudumu manne na kuisahau.

Nusu ya pili ya sababu ni joto. Gari lako na mzigo tuseme ni kilo 2,500. Kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka takribani mita 1,000. Nguvu ya kushuka huko, kama ingegeuzwa yote kuwa joto, ingechemsha zaidi ya lita 70 za maji ya baridi, yaani ndoo tatu na nusu za lita 20. Joto hilo lazima liende mahali. Sehemu inaliwa na upepo na injini ukiwa kwenye gia, iliyobaki inakwenda kwenye vyuma vya breki zako, na kwa sasa inakwenda karibu yote mbele.

Joto likipenya kwenye kalipa, ile sehemu inayobana pedi kwenye diski, linafika kwenye mafuta ya breki. Mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji ya kiasi cha asilimia tatu na ushee, kipimo kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa yamechoka. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Hiyo ndiyo pedali yako laini. Ukifika Mombo, ukanywa chai, yakapoa, mvuke unarudi kuwa majimaji na pedali inarudi. Fundi akiangalia haoni kitu, anakuona mwoga.

Kwa hiyo mafuta yabadilishwe yote, si kuongezwa. Weka DOT 4 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Nusu chupa iliyokaa rafuni gereji tangu mwaka jana imeshanyonya unyevu wake. Anza gurudumu la nyuma la mbali zaidi na masta, kwa gari la usukani wa kulia ni la kushoto, malizia la mbele kulia, na usiisahau vali. Rudia kila baada ya miaka miwili. Usimruhusu mtu kuweka oili ya gia wala ya usukani kwenye kikopo hicho hata tone. Raba zote zitavimba na utanunua mfumo mzima.

Mambo mawili ya haraka. Mipira ya breki, yaani mabomba laini ya kupitisha mafuta, miwili mbele na mmoja wa nyuma, kama ni ya tangu 1994, ibadilishe bila mjadala. Mwenzako akikanyaga, shika mpira kwa mkono. Ukisikia unavimba, umekwisha. Na ile masta mpya ipime pia, maana spea za siku hizi mpya si lazima iwe nzima: injini ikiwa inaunguruma, kanyaga kwa uzito uleule bila kuongeza, subiri. Pedali ikizama polepole hadi chini na hakuna panapovuja, masta inapitisha ndani.

Kwa mfuko wako ningefuata mpangilio huu: vipimo vya busta na hendibreki kwanza, havina gharama. Kisha kufungua dramu, kurekebisha shuu na kufungua vile viwiko, ambayo ni kazi ya nusu siku na grisi. Kisha mafuta na mipira. Kisha vali ya mzigo. Nina imani kwamba ukimaliza hatua ya pili pedali ya asubuhi itakuwa imepona, na ya nne itamaliza harufu. Ukiona oili ndani ya dramu, ongeza sili na shuu.

Mpaka hapo usishuke na mzigo. Nasema hivi nikijua kabichi haingoji. Kodi gari la mwenzako wiki moja. Na usilishushe gari Mombo kutafuta fundi. Mlete fundi Lushoto, mlipe nauli. Pedali ikigusa sakafu, gari likivuta upande mmoja, au kikopo cha mafuta kikianza kupungua, hata kutoka nyumbani usitoke.

Utakaporudi barabarani, shuka na gia ambayo ungepandia mlima huohuo, kwa mzigo wako ni ya pili, na uiingize kabla ya mteremko. Usiachie gari free hata kidogo. Usiingize four-wheel ya chini kwenye lami kavu ukidhani itasaidia. Gari lako halina difu ya katikati, utaumiza gia na usukani utakuwa mzito kwenye kona. Breki kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, achia zipoe, kuliko kuzigusia njia nzima. Ukinusa kuungua simama pale penye nafasi, weka jiwe lako, hapo ndipo mahali pake, usivute hendibreki kwenye dramu za moto wala usizimwagie maji, zitapasuka. Nusu saa inatosha.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha, fanya kile kipimo cha kuvuta mpini na kukanyaga. Niandikie pedali imeishia wapi kabla na baada, kwa vidole kutoka sakafuni. Na nitazamie kile chuma cha juu ya ekseli kama bado kipo. Kuna uwezekano aliyeongeza majani alishakifungua.